Daftari limekubali bila kosa, mbona grafu inadanganya?

SWALI: Mtaalamu, nafanya utafiti wa sanaa ya Afrika kwa kutumia faili la wazi la jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kwenye daftari la Jupyter (programu ya kuandika na kuendesha msimbo kwa visanduku viitwavyo seli) nimechuja idara inayoshika Afrika, kisha nikahesabu vitu kwa safu ya "Object Begin Date". Nguzo ya mwaka 1800 ni ndefu mno, na ya 1900 inaifuata. Naweza kuandika kwamba uchongaji ulishamiri miaka hiyo? Pia, jana seli zote zilikubali. Leo naambiwa jina "afrika", nililolitumia kwenye msimbo, halijulikani. – Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Usiandike hivyo, ndugu yangu. Nguzo ya 1800 ni kazi ya waliojaza kumbukumbu. Chukua mistari 20 kutoka ndani yake, uweke sambamba "Object Date", "Object Begin Date" na "Object End Date". Safu ya kwanza ni maneno ya binadamu, mara nyingi "19th–20th century", yaani karne ya 19 hadi ya 20. Mbili zinazofuata ni maneno hayohayo yaliyogeuzwa tarakimu ili kompyuta iweze kutafuta: 1800 na 1999. Kinyago ambacho mtaalamu alikikadiria ndani ya miaka 200 kinaingia kwenye grafu yako kama kilichongwa mwaka 1800 wenyewe. Vikirundikana mamia, unapata mnara.

Tengeneza safu mpya, upana, kwa kutoa mwaka wa mwanzo kwenye mwaka wa mwisho. Kitu chenye upana unaozidi miaka 50 usikichore kama nukta. Kigawe kwenye miongo yake: kinyago cha miaka 200 kina miongo 20, basi kila muongo upewe 0.05. Mnara utasambaa, na kitakachobaki kimesimama ndicho cha kukijadili.

Kuna kosa la pili ambalo hukuliuliza. Idara uliyochuja haina Afrika peke yake. Ina Oceania na Amerika ya kale pia. Misri ina idara yake, na sehemu kubwa ya sanaa ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini iko idara nyingine kabisa. Kwa hiyo huna budi kutumia "Country" na "Culture", na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana safu hizo zina nafasi tupu nyingi. Amri ya kuhesabu, value_counts(), ya pandas (maktaba ya Python ya kuchambua majedwali) huziruka nafasi tupu bila kukuambia, na groupby, ya kupanga kwa makundi, hufanya vivyo hivyo. Andika value_counts(dropna=False) uone tupu ni ngapi kabla ya kutamka asilimia yoyote. Ukitafuta nchi, tumia str.contains("Tanzania", na=False) badala ya ==, kwa sababu == huacha nje kila ingizo lenye neno la ziada au alama ya kuuliza.

Wakishaonywa kuhusu 1800, watu hukimbilia "AccessionYear". Huo ni mwaka kitu kilipoingia jumbani. Miaka ya 1978 na 1979 vitu vinafurika, na sababu iko kwenye "Credit Line", safu inayotaja kitu kilitoka kwa nani: mkusanyo wa Nelson Rockefeller uliokuwa Museum of Primitive Art ulihamishiwa Metropolitan. Tajiri mmoja amehamisha mkusanyo wake ndani ya jiji lilelile la New York; Afrika haikutikisika.

Kuhusu "afrika" kutojulikana: tazama namba kwenye mabano kushoto mwa seli. Zikisomeka [14], [3], [22], uliziendesha ovyo, na jina hilo lilibaki kwenye kumbukumbu ya kerneli (injini inayoendesha seli) kutoka seli uliyoifuta. Kabla ya kuamini tokeo lolote, washa kerneli upya na uendeshe seli zote kuanzia juu hadi chini.

Kinachonikera ni imani kwamba seli isipolalamika basi jibu ni sahihi. Imani hiyo inalishwa na wauza madaftari "tayari kwa tasnifu" na mafunzo ya saa mbili yenye cheti. Utayatambua madaftari yao kwa seli ya kwanza inayonyamazisha maonyo yote, na ya pili yenye fillna("Unknown"), ambayo huyageuza mapengo kuwa kundi linaloshindana na nchi halisi. Wengine huandika dropna() tupu. Amri hiyo hufuta kila mstari wenye pengo hata moja. Faili hili lina safu za nasaba ya kifalme na utawala, ambazo kwa kinyago cha kijijini hazijazwi. Utabaki na mistari sifuri. Wakishaona sifuri, wanapunguza safu mpaka grafu itoke, na hakuna anayeandika alichofuta. Vitu vilivyokosa nchi, ambavyo ndivyo vingehitaji mtafiti wa kuvifuatilia, vinatoweka kabla hata havijatazamwa.

Baadhi ya madaftari hayo hata data hayapakui. Faili linahifadhiwa GitHub, tovuti ya kuweka msimbo na data, kupitia Git LFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili makubwa, kwa kuwa ni zito. Ukilifungua ukakuta mistari mitatu tu, wa kwanza ukianza na "version https://git-lfs", ulichonacho ni kielekezi tu, yaani anwani ya faili, si faili lenyewe. Faili halisi lina mamia ya megabaiti na vitu zaidi ya 470,000. Lipakue upya, ulisome kwa low_memory=False (ili pandas isikisie aina ya data kipande kwa kipande), kisha uhesabu mistari kabla ya kuandika seli inayofuata.