Sarafu ya shaba ikitoka ardhini, acha ndimu jikoni

Wanaoanza kukusanya sarafu huku Iringa huniletea kitu kinachong'aa kama sufuria jipya, kisha wananiuliza ni ya mwaka gani. Mwaka ulikuwepo. Umeondoka na ndimu na majivu.

Shaba ikikaa kwenye udongo wetu mwekundu hujifunika tabaka la kahawia au la kijani kigumu. Hiyo ni shaba yenyewe iliyogeuka, na sarafu ikishalika sana, mara nyingi maandishi yamebaki kwenye tabaka hilo peke yake. Ukisugua kwa stili waya unasugua maandishi. Siki, dawa ya meno, msasa, soda: vyote weka mbali.

Kazi ya kwanza ni kuandika, kabla hata ya maji. Jembe limeigonga wapi, kina kiasi gani, jirani yake kulikuwa na nini: vigae, ushanga, msumari, mkaa? Piga picha ikiwa bado kwenye shimo. Sarafu isiyojulikana ilikotoka ni pambo tu. Ukiijua ilitoka chini ya sakafu ya nyumba iliyoungua, inaweza kukuambia jambo kuhusu nyumba hiyo. Ila usiharakishe. Mwaka uliochapwa unakuambia tu kwamba haikudondoka kabla ya hapo. Pesa ya 1891 ikiokotwa karibu na Lugalo, haithibitishi kwamba ilidondoka siku ile ya Agosti 1891 Wahehe walipokipiga hapo kikosi cha Mjerumani Zelewski. Inaweza kuwa ilitoka kwenye mfuko wa mtu miaka ishirini baadaye.

Kuitambua si kugumu ukishazoea alama. Tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili ni sarafu iliyoitwa pesa, ya kampuni ya Kijerumani, 1890 hadi 1892. 64 zilifanya rupia moja. Taji na neno Heller ni ya serikali ya kikoloni iliyofuata, 1904 hadi 1913, na hapo rupia ilikuwa heller 100. Heller moja ni ndogo, kama milimita 20, lakini ile ya heller 5 ya 1908 na 1909 ni pande la shaba la milimita 37, huwezi kuisahau ukishaishika. Herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916 na T ndogo: hiyo ni heller 20 iliyopigwa Tabora wakati wa vita, meli za Ujerumani zikiwa haziwezi kufika. Mizani yenye Kiarabu na mwaka 1299 wa Hijria ni ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yaani karibu 1882. Zenye tundu katikati na pembe za ndovu ni senti za Waingereza, kama 1, 5 au 10, na hizi ndizo utakazoletewa zaidi. Soma jina la mfalme. Alama zikififia, zima taa ya juu, washa tochi ya simu ubavuni, uizungushe polepole.

Akikujia mtu na "rupia ya Mjerumani yenye nguvu", inayovuta mchele au kuzima tochi, mpishe aende zake. Hao ni matapeli, na wamewafanya watu wazima wafukue makaburi ya mababu zao.

Kusafisha: loweka kwenye maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa gereji kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri, kwa maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Badilisha maji kila siku, udongo ukilainika uchokoe kwa kijiti cha meno, kisha ikaushe kabisa. Ukikuta udongo unashikilia, uache ulivyo.

Kinachonitisha ni unga wa kijani mpauko, laini, unaorudi baada ya kufutwa. Huo ni ugonjwa wa shaba: kloridi ndani ya metali zikikutana na unyevu huendelea kuila. Sarafu za mashamba ya viazi ya Njombe zichunguze mara mbili, maana mbolea zenye potasiamu kloridi huongeza chumvi hiyo udongoni. Ya hivyo itenge na nyingine, iweke pakavu, na mtafute mtaalamu wa uhifadhi.

Za kawaida zifunge kwenye bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi, moja moja, pamoja na maelezo yako yaliyoandikwa kwa penseli. Mifuko ya plastiki laini ya PVC huacha ute wa kijani. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Masika ya Mufindi vitakufaa. Shika sarafu kwenye ukingo.

Kuhusu sheria: kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni malikale chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mwenye kukiokota anatakiwa kutoa taarifa. Kuchimba eneo la kale bila kibali hakuruhusiwi, iwe Isimila au uwanja wa ngome ya Kalenga. Sarafu za Mjerumani ni za baadaye, lakini ukiikuta moja kwenye maeneo kama hayo iache palepale, piga picha, kisha nenda makumbusho ya Boma pale Iringa mjini ukiwa na daftari lako.