Windows ya "milele" kwa shilingi 1,500

SWALI: Hujambo fundi. Nina saiba ndogo hapa Luanda, Vihiga, yenye kompyuta 8, zote ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza. Naambiwa Windows itaanza kulipiwa kila mwezi kama king'amuzi, na asiyelipa skrini itafungwa. Kuna kijana anataka kuniwekea Windows ya milele kwenye zote, shilingi 1,500 kila moja, kabla mlango haujafungwa. Nimpe kazi? – Mama wa saiba

JIBU: Usimpe, mama. Na kama ameshagusa hata moja, itoe kwenye intaneti leo.

Huo uvumi nitaupitia upesi. Mpaka ninapoandika, Microsoft haijatangaza kwamba Windows ya kawaida italipiwa kila mwezi. Mwaka 2023 watu walichungulia ndani ya toleo la majaribio la Windows 11, wakakuta maneno kuhusu leseni ya kulipia kwa vipindi, habari ikaenea. Maneno yale yalihusu IoT Enterprise, toleo la vifaa vya viwandani na mashine za malipo. Wengine huchanganya na Microsoft 365, yaani Word na Excel za kulipia, au na Windows 365 iliyoanza Agosti 2021, ambayo ni kompyuta ya kukodi iliyo kwenye seva za Microsoft. Linalokuhusu zaidi ni masasisho ya usalama ya Windows 10. Ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kampuni inayotaka kuendelea kuyapata hulipa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka, miaka isizidi 3. Asiyelipa hafungiwi skrini. Kompyuta inawaka kama kawaida, ila mianya mipya haizibwi.

Sasa hiyo "milele". Hapa ndipo subira hunishinda, kwa sababu naletewa kompyuta za aina hii hapa Kisumu kila wiki, na mwenyewe anaapa kwamba amenunua Windows ya maisha. Hajanunua chochote. Amewekewa aktiveta, programu inayoidanganya Windows ijione ina leseni, na nyingi ninazozikuta hutumia KMS, njia ambayo Microsoft iliwatengenezea wenye kompyuta nyingi, kampuni na vyuo, ili seva moja ya ofisi izithibitishe zote. Uthibitisho wa KMS hudumu siku 180 tu, na kompyuta hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Kwa hiyo hicho kinachouzwa kama cha milele ndicho chenye tarehe ya kwisha. Ili kisikatike, aktiveta hujifanya seva ndani ya mashine yako, au huiunganisha na seva ya mtu usiyemjua, kisha huacha kazi ya kujirudia inayoendeshwa kwa mamlaka yote ya kompyuta. Unaogopa kumlipa mwenye Windows kila mwezi, halafu unamkabidhi mtu asiye na jina ufunguo wa duka.

Tena kitu hicho hakikai mpaka antivairasi izimwe. Fundi atakwambia, "Hiyo inasumbua tu, mama, si vairasi." Majuzi nilifungua Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, kwenye mashine ya saiba moja nikakuta diski C nzima imeorodheshwa kama mahali pasipokaguliwa. Kwenye kibodi ile ile wateja walikuwa wameandika nywila za KRA (kodi), eCitizen (huduma za serikali) na HELB (mikopo ya wanafunzi) miezi mingi. Programu ya kunasa vibonyezo ikiingia mahali kama hapo haionekani kwa macho, na wiki ya mwisho ya Juni, foleni ya ritani za kodi ikiwa imefika barabarani, itavuna kijiji kizima.

Kagua mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, subiri kidirisha. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, nawe huna seva ya ofisi, basi yaelekea umewekewa aktiveta. Ukiona OEM_DM, furahi: leseni ilitoka kiwandani, imo ndani ya madabodi. Na hili mafundi wengi hawawaambii wateja. Ex-UK nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 Pro bado zina ufunguo wake humo. Ukipakua Windows kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe na kuiweka upya, inausoma ufunguo na kujithibitisha ikipata intaneti. Unachomlipa fundi ni kazi ya mikono tu.

Zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), zipeleke Windows 11 bila malipo. Za kizazi cha 6, na karibu zote za kizazi cha 7, hazimo kwenye orodha ya Microsoft, na mimi ningeziwekea Linux Mint, mfumo unaotumika badala ya Windows: ni ya bure kihalali, na eCitizen hufunguka kwenye kivinjari bila shida. Bakiza Windows safi kwenye mashine mbili tatu kwa ajili ya zile fomu za Excel za iTax, mfumo wa kodi wa KRA, zinazotaka makro, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya Excel.

Wala usidhani haya ni ya saiba peke yake. Nimeyakuta kwenye kompyuta ya duka la dawa, na kwenye ya shule iliyohifadhi majina na simu za wazazi. Kila uvumi wa Windows unapozuka, wauzaji wa flashi zenye "kila kitu ndani" huamka. Wenye flashi hizo hawajui kilichomo. Wamenakili kwa mwenzao, naye kwa mwingine. Mtu akikuomba uzime antivairasi ili amalize kazi, chukua kompyuta yako uondoke, hata kama umeshalipa nusu.

Kama kuna kompyuta ambayo kijana huyo ameshaigusa, usiisafishe kwa antivairasi. Futa diski yote, weka upya, kisha badilisha nywila zako ukitumia simu, na uwaambie wateja wako wabadilishe zao.