Mtoto Akisema Anataka Kurudi Nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi mno kusikia umekubaliwa kwenye mafunzo ya watetezi wa watoto mahakamani. Umeniuliza, kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya kabla yako: mtoto akitaka kurudi kwao, nawe ukaona kwao si salama, usimame na neno lake au na lako?

Yote mawili yamfikie hakimu, ila usiyachanganye. Kwenye ripoti andika alichosema mtoto kama alivyokisema, bila kukipamba wala kukipunguza. Kisha, mahali pake, andika unachokiona wewe na sababu zako. Ukiyafanya kuwa neno moja, utakuwa umempokonya mtoto kauli yake huku ukidhani unamtetea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeyaweka yote mawili: ibara ya 3 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na ibara ya 12 inampa haki ya kutoa maoni yake, yapimwe kwa umri na upevu wake.

Huna haja ya kuwa mwanasheria. Kule Seattle, Marekani, Jaji David Soukup alikuwa akiamua mashauri ya watoto waliodhulumiwa na waliotelekezwa, akaona anayoletewa hayamtoshi kujua lililo jema kwa mtoto. Ndipo mwaka 1977 ukaanza mpango wa raia wa kujitolea wanaopewa mafunzo na kumsemea mtoto mahakamani. Wakili wa mzazi yuko kwa ajili ya mzazi, na afisa ustawi wa jamii ana mafaili mengi mezani. Wewe utakuwa na mtoto mmoja, pengine na ndugu zake, na muda wa kukaa naye.

Muda huo ndio kila kitu. Kuna mtoto mmoja (mengine yake sitayasema, ni siri yake) ambaye kila nilichomuuliza alijibu, “Sijui, nataka nyumbani.” Nikaacha kuuliza, tukawa tunachora tu. Siku moja, bila kuinua macho kwenye karatasi, akaniuliza, “Mdogo wangu anafungwa vifungo na nani asubuhi?” Kumbe walikuwa wametenganishwa, na yeye ndiye aliyekuwa akimvisha kila siku. Nyumbani kwake ilikuwa ni huyo mdogo wake. Nililiandika swali lake lile lile kwenye ripoti. Kule walikotoka hakurudishwa, kwa kuwa hatari ilikuwa bado ipo, lakini hakimu aliagiza wawe wanaonana, na baadaye wakapata mlezi mmoja.

Na mzazi naye umsikilize. Utaingia nyumba isiyo na kitanda cha kutosha wala chakula cha uhakika, na moyo utakwambia mtoto aondolewe. Jiulize kwanza: huyu mzazi anamtesa mwanawe, au amekosa uwezo tu? Aliyekosa uwezo asaidiwe, abaki na mtoto wake. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wema wakilikosea, na mtoto ndiye anayelipa.

Usimwahidi mtoto jambo ambalo uamuzi wake uko kwa hakimu. Wala asije akasikia maoni yako kwa mara ya kwanza mahakamani. Mweleze mapema, kwa lugha ya umri wake: “Nitamwambia hakimu unataka kurudi. Nitamwambia pia kwamba mimi naogopa, kwa sababu hii na hii.” Huenda akakununia. Mwache anune, ni haki yake, lakini siku mliyopanga kuonana ikifika, nenda.

Mafunzo yakianza, ulizia msimamizi wako ni nani na anapatikanaje usiku. Mtoto akikwambia kuna anayemuumiza, hutakiwi kulala na jambo hilo hadi kesho wala kulichunguza peke yako.

Nakuombea sana.

Mama yako