Busta ya mwani haipulizwi usiku wa baridi

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: "Nilipuliza mwani jioni, asubuhi saladi zote zimelala. Asante kwa kunitia hasara."

Imeniuma. Pole yake kwa hasara, lakini mimi sijawahi kumwambia mtu apulize jioni ya jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Nimesema, na nitasema tena, busta hii, yaani dondoo ya mwani wa baharini ya kupulizia majani, hupulizwa baridi ikiwa bado iko mbali. Ukipuliza usiku uleule unalowesha majani tu, na jani lenye maji juu yake hushikwa na barafu upesi kuliko jani kavu.

Nilianza kutumia busta hii wakati wenzangu wakiiita "maji ya samaki". Muuzaji mmoja wa pembejeo alinitazama juu mpaka chini, akanishauri nichukue urea, eti mboga zikinenepa hazitasikia baridi. Mpaka leo nikimkumbuka nasonya. Nitrojeni nyingi msimu wa baridi unapokaribia huotesha majani laini yaliyojaa maji, na hayo ndiyo huungua kwanza.

Basi nikagawa tuta la spinachi. Nusu nikaipulizia mara kadhaa tangu miche iliposhika, nusu nikaiacha. Likaja juma la anga lisilo na mawingu, usiku hakuna upepo. Asubuhi pande zote mbili zilikuwa zimelegea, na ningepiga picha saa ile nisingekuwa na la kujivunia. Jua lilipopanda, upande uliopulizwa ukaanza kunyanyuka jani kwa jani. Ule mwingine ulibaki na mabaka ya kijani kibichi kizito, ukiliinua jani kwenye mwanga unaona upande wa pili, ukilibonyeza linaacha maji kidoleni. Waliocheka walikuja kuangalia. Hakuna aliyesema samahani, ila wawili waliuliza nimenunua wapi.

Hayo maji kidoleni ndiyo maelezo yote. Barafu hutunga kwanza nje ya seli, kisha huvuta maji yaliyomo ndani mpaka utando wa seli unaharibika. Mmea uliojiandaa hulimbikiza sukari na prolini (kijenzi kimoja cha protini) ndani ya seli, hivyo maji hayatoki kirahisi. Mwani wa kahawia, hasa Ascophyllum nodosum wa miamba ya Atlantiki ya Kaskazini, una viambato vya asili kama manitoli, betaini na laminarini, na mchanganyiko huo huushtua mmea uanze maandalizi mapema. Katika majaribio ya maabara kwa mmea mdogo uitwao Arabidopsis, jeni za kustahimili baridi zilionekana kufanya kazi zaidi kwenye mimea iliyopewa dondoo hiyo. Lakini maandalizi hayo yanataka siku, si saa.

Ndugu zangu, tuna ugonjwa wa kukimbilia dukani utabiri ukishatangaza baridi ya kesho. Kilimo hakiendi hivyo! Anza miche ikiwa midogo, rudia kila baada ya wiki mbili hivi au kama lebo inavyoelekeza, na pulizia asubuhi mapema, chini ya majani pia. Kuzidisha kipimo hakuongezi kinga, kunadumaza miche. Usichanganye na mbolea ya kalsiamu kwenye bomba moja: alginati, ule ute wa mwani, ikikutana na kalsiamu huganda kama uji uliopoa, na nozeli inaziba. Wala usiache mboji na samadi kwa sababu ya busta, maana mwani una nitrojeni na fosforasi kidogo mno.

Tena usitarajie muujiza. Sukumawiki, kabichi na spinachi zina uvumilivu wa asili, mwani unauongezea. Mchicha na mrehani ni mimea ya joto, jalidi kali itaiua hata ukiiogesha mwani. Usiku wenyewe ukifika, kinga ni kitambaa cha kufunika na udongo uliomwagiliwa mchana, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu.

Na wewe uliyeniandikia, usizing'oe hizo saladi leo. Acha zipate joto taratibu, kisha fungua majani ya nje utazame moyo. Ukiwa mgumu na wa kijani, ondoa yaliyooza peke yake na uache mche uchipue. Ukiwa umelainika na kuwa kahawia, lima tuta upya, na safari hii bomba liingie shambani wiki ile miche inaposhika.