Shangazi, mtu wa kutafuta ukoo anataka milioni nne

Asalaam aleikum Shangazi. Mimi niko Bombo, sisi ni Wanubi. Babu mzaa baba alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) na inasemekana baba yake pia, lakini zaidi ya hapo hakuna anayejua kitu, ukiuliza wazee unaambiwa tu "tulitoka Sudani" na stori inaishia hapo. Karatasi zetu zilipotea 1979 tulipokimbia. Sasa binamu yangu ametuletea kijana wa Kampala, ati ni mtaalamu wa kutafuta historia za familia, anataka milioni nne, mbili kabla hajaanza, na ameahidi kutufikisha vizazi kumi nyuma mpaka kijiji chenyewe. Ndugu zangu wako tayari kuchanga. Tumpe?
– Mjukuu wa askari, Bombo

Wa aleikum salaam mwanangu. Msimpe bado.

Simwiti mwizi, simjui, ila hiyo ahadi ya vizazi kumi ndo imenitoa usingizini. Mwenye kuijua hii kazi hauzi majibu, anauza masaa yake. Akitafuta wiki nzima akakosa bado unamlipa, sababu kukosa nako ni kazi, angalau unajua lile faili lilishafunguliwa na halina kitu. Sasa huyu amejuaje ni kumi na hajagusa hata daftari moja?

Halafu hicho "kijiji chenyewe". Wengi wa wazee wenu waliokuja Uganda na Lugard, yule kapteni Mwingereza, aliwachukua Kavalli, huko upande wa Ziwa Albert, mwaka 1891, walikuwa mabaki ya jeshi la gavana Emin Pasha baada ya yeye kuondoka na msafiri Stanley. Jeshi lile lilikuwa la jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudani, na ndani yake mlikuwa na Wabari, Wamakaraka, Wadinka, Wamoru, kila mtu na kwao, wakawa Wanubi kambini, kwa dini na kwa lugha. Mume anaweza kuwa wa kabila hili na mke wa lile, kwa hiyo hata mkifanikiwa mtapata vijiji vitatu vinne, siyo kimoja. Mtu akikuletea kimoja tu, tena haraka, muulize wengine amewaweka wapi.

Shida yenu nyingine ni majina. Kwenu mtoto anabeba jina la baba kisha la babu, hakuna jina la ukoo linaloshuka moja kwa moja, na kina Murjan, Almasi na Fadlalla wamejaa kila kambi. Bila namba ya jeshi utaletewa Fadlalla wa watu, utamlilia na kumwombea dua na siyo wako!

Namba ndiyo kila kitu, na hiyo mnaitafuta wenyewe, bure. Fungueni masanduku ya bibi. Medali za vita vya 1914 mpaka 1918 zilichongwa namba na jina kwenye ukingo, chukua kitambaa uifute taratibu (usisugue na majivu kama sufuria jamani, mtayafuta maandishi). Za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina, hizo zitakwambia alipigana tu, basi. Halafu keti na mzee mkubwa kuliko wote, washa simu irekodi, na usimuulize "tulitoka wapi" sababu hilo jibu mnalo tayari. Muulize nani alimzika nani, nani alisimamia ndoa ya nani, babu alilala kambi gani na rafiki yake alikuwa nani. Wazee hukumbuka watu, tarehe wanazisahau.

Mkishapata namba, au hata jina la kampani yake na mwaka, hapo mtaalamu anakuwa na faida, na unampa swali moja siyo historia nzima. Mfano: "Mtu huyu, namba hii, alikuwa 4 KAR (kikosi cha nne), kuna karatasi gani inamtaja?" Mlipe masaa kumi kwanza. Mwandikiane: saa moja ni shilingi ngapi, nauli juu ya nani, picha za karatasi zote ni zenu, na kila anachoandika aseme amekitoa wapi, faili gani, ukurasa gani. Hilo la mwisho usilegeze. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nililipa mtu akaniletea mti wa ukoo umechorwa vizuri na rangi ya dhahabu, nikautundika sebuleni, mpaka shemeji akagundua nusu ya watu pale ni wa familia nyingine yenye jina kama letu. Hakukuwa na chanzo hata kimoja cha kwenda kuangalia.

Huyo kijana mpime kidogo. Muulize faili za CO 534 zilizoko nyaraka za taifa za Uingereza, kule Kew, London, zina nini. Zile ni barua za wakubwa kuhusu KAR, bajeti, maofisa, mambo hayo. Akikwambia zina orodha ya askari wote, mpe chai na nauli arudi Kampala. Na muulize ameshafika jengo la nyaraka za taifa pale Wandegeya, Kampala, mara ngapi na alitafuta nini. Cheti kisikubabaishe sana, hata Marekani hakuna leseni ya kujiita mtaalamu wa ukoo, wapo wanaopimwa na bodi kwa kazi walizofanya, lakini wengine wanajiita tu. Ripoti ya kazi aliyomaliza ndo nzuri, mwombe aliyoifanyia familia yake mwenyewe.

Shangazi, baba alikufa mimi mdogo, mama hakuwahi kunipeleka kwao. Najua tu kika, yaani ukoo wake wa Kiganda, ni Ngabi na alibatizwa Katoliki upande wa Masaka. Nitafute mtu wa kulipa?
– Mukono

Hapana, nunua tiketi ya basi. Wewe umeshika kamba nene kuliko yule wa Bombo. Nenda parokia, omba kwa heshima daftari la ubatizo, utakuta wazazi wake na msimamizi, na pembeni kama alifunga ndoa kanisani kwa kawaida huandikwa. Msimamizi mara nyingi ni mtu wa karibu, mtafute huyo au watoto wake. Ukishajua jina la babu unaingia kwenye kika, kutoka tawi dogo, lunyiriri, kupanda mutuba mpaka tawi kubwa, ssiga, na wazee wa ngazi hizo wanazijua nyumba zao. Ukisikia kuna kwabya lumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba, kwenye ukoo huo nenda hata kama hujaalikwa, wote wako pale siku moja. Ila kama baba aliacha ardhi sema mapema kwamba hukufuata ardhi, la sivyo midomo yote itafungwa.

Eti kipimo cha mate cha DNA kitaniambia mimi ni kabila gani?
– Arua

Kitakupa eneo kubwa tu, na asilimia zinabadilika kila kampuni ikiongeza watu kwenye data yake, na Waafrika humo bado ni wachache. Ndugu utampata kama naye alipima, na wa Arua waliopima wangapi? Tena kabla hujatema, jiulize kama uko tayari kukuta baba siyo baba.