Mkimbizi aliyezaliwa kambini amekimbia nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kasulu. Mwanafunzi wangu aliandika kwenye insha, "wakimbiaji kutoka Burundi". Nikasahihisha: wakimbizi. Akauliza, "Kwani si wamekimbia?" Mwenzake akadakia: "Na mtoto aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, yeye amekimbia nini?" Nilikosa jibu. Tena, je, mhamiaji na mkimbizi ni kitu kimoja?

JIBU: Mwalimu, ulisahihisha vizuri, na wanafunzi wako wameuliza vizuri zaidi.

Kitenzi ni kimoja, kimbia, ila kimezaa majina mawili. Mkimbiaji ni mtu wa mbio. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, ni mkimbiaji. Mkimbizi limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa mlezi kutoka lea, mwokozi kutoka okoa na mtembezi kutoka tembea. Wapo wanaodhani limetokana na kimbiza. Hapana. Anayekimbiza ni mkimbizaji, na wale wa Mwenge wa Uhuru tunawaita wakimbiza Mwenge.

Mkimbiaji akishamaliza mbio anapumzika. Mkimbizi anaweza kukaa chini ya mwembe miaka kumi bila kupiga hata hatua ya mbio, na bado ni mkimbizi, kwa kuwa neno limeacha kutaja miguu na kushika hali yake: nyumbani hakurudiki. Hapo ndipo lilipo jibu la yule mtoto wa Nyarugusu. Yeye hakukimbia, lakini hali iliyowatoa wazazi wake ndiyo inayomzuia naye kurudi. Ukiona neno mkimbizi ni zito kwa mtoto, Kiswahili kina msemo mzuri: amezaliwa ukimbizini. Msemo huo unataja mahali na wakati, haumbandiki mtoto jina la maisha.

Mhamiaji ni mwingine. Hama ni kuondoka unapoishi. Hamia ni kwenda kuishi mahali. Mfugaji anayefuata malisho huku na huko ni mhamaji. Aliyevuka mpaka kutafuta kazi, masomo au biashara ni mhamiaji, na neno lake linatazama aendako. La mkimbizi linatazama anachokiacha. Mhamiaji mambo yakimshinda hurudi kwao, hata kama ni kwa aibu na mikono mitupu. Mkimbizi akirudi anahatarisha roho yake.

Sheria nayo ina mipaka yake. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamtambua mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake au siasa zake. Kwa Afrika hiyo haikutosha, maana bomu haliulizi chama wala kabila. Ndiyo maana mwaka 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimwongeza anayekimbia uvamizi, kutawaliwa na wageni, au machafuko makubwa nchini mwake. Kote kuwili lazima awe amevuka mpaka. Hata hivyo Wakenya waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliitwa wakimbizi wa ndani, na mimi sioni kosa. Kimbia hakijawahi kudai mpaka wa nchi.

Ninachokiona kosa, tena kinaniuma, ni kuendelea kumwita mtu mkimbizi wakati hali hiyo imekwisha. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa na ardhi. Kiswahili kinasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao walilishika jembe miaka arobaini, wakalima mahindi na tumbaku. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Bado nasikia watu wakisema "wale wakimbizi wa Katumba". Mwanafunzi wako akiandika hivyo juu ya hao, Mwalimu, chukua kalamu nyekundu tena: andika "Watanzania".