Kupiga picha ndege wanaokuja nyumbani: kabla hujanunua lenzi kubwa, walete karibu

Dada, umesema una kamera yenye lenzi ya milimita 55 hadi 250, unaishi kwenye ploti ndogo Kahawa Sukari, ndege wanakuja ila kwenye picha wanatoka kama vidoa visivyo na sura, na sasa unafikiria kukopa ununue lenzi ya 600. Usikope. Nimepiga picha ndege na wadudu wa bustani yangu hapa Nairobi kwa miaka mingi na lenzi ya kiwango hicho hicho. Inatosha.

Hesabu yake ni hii. Ndege aliyekuwa mita 8 akitua mita 4 kutoka kwako, urefu wake kwenye picha unakuwa mara 2 na nafasi anayojaza mara 4. Ni sawa na kutoa lenzi ya 250 na kuweka ya 500, tena bila gharama. Jua likishapanda, hewa ya moto inayotoka kwenye mabati na saruji hutetemesha picha ya kitu kilicho mbali, na lenzi kubwa inaukuza huo mtetemo pamoja na ndege. Anza basi na kazi ya kumleta ndege karibu, kamera baadaye.

Maji ndiyo huwaleta wengi. Maua yanaita chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya nta ya maua, matunda yanaita kuzumburu na shorewanda, lakini maji kila mmoja anayataka, hasa Januari na Februari kukiwa kukavu. Tafuta karai au sinia pana, tia maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5, na weka jiwe katikati lenye mgongo mkavu. Karai hilo liweke mita 2 hivi kutoka kwenye ua wa kayaba: ndege apate pa kukimbilia mwewe akipita, na paka asipate pa kujificha na kumrukia. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, la sivyo utafuga mbu.

Kando ya karai simika kijiti kikavu chenye umbo zuri. Ndege wengi hawatui majini moja kwa moja. Wanatua juu kwanza, wanaangaza huku na huku, ndipo wanashuka. Hapo kwenye kijiti ndipo picha yako ilipo. Kabla hujakisimika, kaa utakapokaa na utazame kilicho nyuma yake. Ukiona kamba ya nguo, tangi la maji au ukuta mweupe, hamisha kijiti. Kijani kilicho mbali mita kadhaa nyuma ya ndege kitayeyuka vizuri hata kwa lenzi yako.

Chozi ndio ninaowapenda kuliko wote, kwa hiyo nivumilie hapa. Panda mishubiri na Leonotis, ile yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyopangika kwa ngazi kwenye shina. Chozi-shaba dume, yule wa mkia mrefu, akipata kichaka cha maua kama hicho anakimiliki. Atawafukuza wengine mchana kutwa, na kila akimaliza anarudi kwenye tawi lile lile. Mtazame bila kamera kwa nusu saa na utalijua tawi lake. Kisha lenga tawi, fokasi iwe tayari, na umngoje arudi. Kumfuata na lenzi akiwa angani ni kujichosha bure.

Utagundua pia kwamba mara nyingi anatoka mweusi kama makaa. Kamera haina kosa. Mng'ao wake hautokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Unatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa kurudisha mwanga, na unarudisha kwa pembe fulani tu. Jua likiwa mgongoni mwako, chini, anageuza shingo kidogo na ghafla kifua kinawaka shaba, kichwa kinaingia kijani. Akigeuka tena, giza. Basi bonyeza kwa mfululizo akiwa anageuza kichwa, uchague baadaye.

Kuhusu mwanga, sisi tuko karibu kabisa na ikweta na jua letu linapanda wima. Mwanga mtamu ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na moja jioni. Saa sita mchana macho ya ndege yanaingia kivulini na mgongo unaungua. Watu wanalalamikia mawingu ya Julai na Agosti, ila mimi nayapenda: mwanga ni laini siku nzima na manyoya yanaonekana moja moja. Utalazimika kupandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200. Pandisha bila woga. Chembechembe zinapunguzwa kwa programu, lakini ndege aliyetikisika hatengenezeki. Kwa ndege aliyetua kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Kwa chozi anayehangaika nenda 1/1000 na zaidi. Fokasi iwe kwenye jicho.

Usijenge kibanda cha kujificha. Nyumba yako ni kibanda tosha, ndege wameshaizoea. Fungua dirisha, funga pazia, acha mwanya wa kutoa lenzi, zima taa ya chumba na kaa kimya. Ikibidi kupiga kupitia kioo, kisafishe na ukigusishe mdomo wa lenzi ili usipate mwako. Na kwa sababu ploti zetu zimebanana, hakikisha kamera haielekei dirisha la jirani. Mweleze mapema unachofanya, na askari wa lango pia.

Kwenye viota nina msimamo mkali. Mvua zikianza kwera watasuka nyumba zao kwenye miti yako, na utatamani kukata matawi mawili matatu upate picha safi. Usiguse hata jani. Majani hayo ndiyo yanayowaficha makinda kunguru wasiwaone. Usicheze pia sauti za ndege kwenye simu ili dume ajitokeze. Anaacha kulisha familia na kuhangaika kumtafuta adui asiyekuwepo. Ukikaa karibu na msitu wa Karura na kima wakaja, wapige picha, usiwape chakula.

Usiku usilale mapema kila mara. Pita na tochi kwenye ua polepole, uangalie ncha za vijiti. Kinyonga aliyelala hupauka, na mwanga wa tochi unamtoa waziwazi kwenye majani ambayo mchana ungeyapita mara kumi. Bustani nyingi za Nairobi zina kinyonga wa pembe tatu. Dume ndiye mwenye pembe ndefu. Mpige haraka, ondoa tochi, mwache alale. Kisha asubuhi ongea na anayekata ua lako. Watu wengi wamelelewa wakimwogopa kinyonga na wanamuua wakimwona. Mwonyeshe picha yake kwa karibu, zile pembe na lile jicho linalozunguka peke yake. Kwangu picha hiyo imewaokoa vinyonga kuliko maneno.

Ukishindwa kutambua uliyempiga, ipandishe picha iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe, pamoja na mahali na tarehe. Au Jumatano asubuhi nenda Makumbusho ya Taifa, hapo ndipo matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, yanapoanzia. Picha isikutie haya hata kama si safi: mdomo, mkia na rangi ya miguu vikionekana, wazoefu wa pale watakwambia ni nani.